Daftari la makosa: namna ninavyotengeneza zana shirikishi kwa masomo ya sekondari

Nasomesha Hisabati na Fizikia katika skuli ya sekondari kaskazini mwa Pemba. Walimu wenzangu wakija mezani kwangu kuniomba niwatengenezee "kile kitu cha kubofya", yaani zana shirikishi ya kompyuta, kwa somo lao, nawauliza kwanza: wanafunzi wako wanakosea wapi? Asiye na jibu namrudisha darasani akakusanye makosa, hata kama laptopu iko wazi mbele yangu. Wengine wananiona mchoyo. Lakini zana isiyojua mwanafunzi anakosea wapi ni mtihani wa kuchagua uliopakwa rangi, basi.

Na mimi nilipita huko huko. Zana yangu ya kwanza ilikuwa slaidi 40 za mada ya mwendo, mishale inaruka na sauti zinalia. Nikaalikwa kuionesha skuli nyengine. Kufika, kompyuta ya pale haikuwa na programu niliyotumia, maandishi yakavurugika. Jua la asubuhi likapiga ukuta hadi picha haionekani. Kabla sijafika slaidi ya tano umeme ukakatika. Wanafunzi wakanipigia makofi, ya huruma nadhani. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na siku ile, na unafaa kwa mwalimu mwenye laptopu moja, projekta ya kuazima na darasa lililojaa.

Hatua ya 1: Kusanya makosa

Siku chache kabla ya mada, toa swali moja la kujieleza. Usiweke majibu ya kuchagua. Wape dakika tano na nusu karatasi, wasiandike majina. Ukikusanya, usisahihishe. Zipange karatasi mezani kwa mafungu, wanaofikiri sawa pamoja. Mara nyingi mafungu huwa matatu au manne, hata darasa liwe na watoto 60. Yanakili kwenye daftari kwa maneno yao wenyewe, usiyanyooshe.

Daftari langu lina kurasa za masomo yasiyo yangu pia, kwa sababu wenzangu huniletea. Fizikia: "Balbu inakula umeme, kwa hiyo ukitoka upande wa pili unakuwa mdogo." Biolojia: "Mimea inapumua usiku, mchana inatengeneza chakula." Historia: wanaochanganya uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wakauweka na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 siku hiyo hiyo ya Mapinduzi.

Ninaoupenda zaidi ni ukurasa wa Kiswahili. Mwalimu mwenzangu aliwapa mshororo huu wahesabu mizani: "Karafuu zimeiva, wachumaji wako juu." Nusu ya darasa walipata 14. Jibu ni 16, nane kila kipande. Waliopata 14 si wavivu. Wanahesabu "fuu" mara moja na "juu" mara moja, kwa sababu sikio lao linasikia sauti moja ndefu. Hilo ni kosa lenye kanuni ndani yake, na kosa lenye kanuni ndilo unaloweza kulijengea zana.

Hatua ya 2: Andika maoni kabla ya swali

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Kila fungu la kosa litakuwa jibu moja la kuchagua. Mwanafunzi akilichagua, atatokewa na nini? "Si sahihi, jaribu tena" ni kelele tu. Atabofya la pili, la tatu, mpaka lipatikane la kijani.

Maoni mazuri hayataji jibu. Yanampa kazi ndogo itakayoligonga wazo lake. Kwa yule wa mizani 14: "Piga kofi moja kwa kila irabu unapotamka neno karafuu. Umepiga mangapi?" Kwa yule wa balbu (ammita ni kipima mkondo wa umeme): "Weka ammita moja kabla ya balbu na moja baada yake. Soma zote mbili, kisha rudi hapa." Kwa yule wa mimea: "Ukimziba mtu pua wakati anakula, ataendelea kuishi kwa sababu ana chakula?" Hili la mwisho wanalicheka, lakini wanalikumbuka.

Jambo jengine dogo: masomo ya sayansi yanafanyiwa mtihani kwa Kiingereza, kwa hiyo swali na majibu naandika kwa Kiingereza kile kile cha mtihani. Maoni naandika kwa Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kukosea hahitaji kizuizi cha pili cha lugha.

Hatua ya 3: Jenga kwa Lumi

Natumia programu ya bure iitwayo Lumi. Inatengeneza maudhui ya kubofya, ya mfumo uitwao H5P, bila kuhitaji tovuti yako mwenyewe. Intaneti utaihitaji mara mbili: kuipakua, na mara ya kwanza unapochagua aina ya maudhui, ili aina hiyo iteremke kwenye kompyuta. Ikishateremka unafanya kazi popote, hata kwenye boti ya kwenda Unguja ikiwa tumbo lako linaruhusu.

Fungua maudhui mapya, chagua Question Set. Ndani yake ongeza swali la Multiple Choice, andika swali, kisha majibu. Chini ya kila jibu kuna sehemu ndogo iliyofungwa, ya dokezo na maoni. Ifungue na ubandike maoni uliyoandika katika hatua ya pili, pale penye ujumbe wa kuonekana jibu linapochaguliwa. Walimu wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo kwa kuwa imejificha. Hakikisha kitufe cha kurudia jaribio kimeruhusiwa.

Usizidishe maswali matano. Matano yenye maoni mazuri yanakula kipindi kizima.

Aina nyengine nazitaja kwa haraka. Kwa michoro ya Biolojia, kama moyo au figo, tumia Drag and Drop, mwanafunzi aburute majina. Kwa ushairi, Mark the Words: unaweka ubeti, wanagusa vina. Kwa Historia najaribu Branching Scenario, ambapo kila uamuzi unafungua njia yake. Tulijenga moja inayoanza na kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikiumia kidogo. Mwanafunzi ni mwenye shamba, anaamua: apande upya Unguja, avuke kuja Pemba, au aache karafuu kabisa? Watoto wa hapa, waliokulia kwenye majamvi ya karafuu, waliuliza maswali ambayo hatukuyapanga. Lakini nikuonye, matawi yanazaana haraka mno. Maamuzi matatu yenye njia tatu kila moja ni miisho 27, na yote yanasubiri uyaandike. Acha njia zirudi kukutana.

Ukimaliza, toa kazi yako kama faili moja la HTML. Faili hilo hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti na bila Lumi. Litie kwenye flashi, na jengine liache kwenye simu. Halihifadhi alama za mwanafunzi mahali popote. Kwangu mimi hilo si upungufu, kwani alama nazipata kwenye madaftari yao.

Hatua ya 4: Pale ambapo swali la kuchagua halitoshi

Kuna mada ambazo mwanafunzi lazima avute kitu aone kinachotokea. Kwa umeme natumia majaribio ya kwenye kompyuta ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Yanapakuliwa yakatumika bila mtandao, na lile la sakiti lina ammita zinazohitajika kumjibu yule wa balbu inayokula umeme. Sijengi ninachoweza kukipata tayari.

Kwa grafu naingia GeoGebra, programu ya kuchorea grafu, na hapa nitakaa kidogo, maana zana hii ndiyo ninayojivunia. Ni ya maji kujaa na kupwa, na tunaisomesha pamoja na mwalimu wa Jiografia.

Andika kwenye kisanduku cha kuingizia: f(x)=2.2+a*cos(2*pi*x/12.4). GeoGebra italeta yenyewe kijistari chenye kitone cha kuvuta kwa ajili ya a. Kibadilishe kianzie 0.5 na kiishie 1.9. Mhimili wa x ni saa, y ni kina cha maji kwa mita. Namba 12.4 ni saa zinazopita kutoka maji kujaa hadi kujaa tena, ndiyo maana kesho maji yanachelewa kwa dakika kama 50. Hizo 2.2 na mipaka ya a nimezikadiria zifanane na pwani yetu. Hii ni picha ya kusomeshea, mtu asiende nayo baharini.

Kisha ongeza mstari y=1. Huo ndio mwani. Waambie: maji yakiwa chini ya mstari huu, mama anaweza kufanya kazi kwenye shamba lake la mwani. Uliza maswali matatu, moja moja. Kitone kikiwa 0.5, ana muda gani wa kazi? Hana, grafu haishuki chini ya 1.7. Kikiwa 1.9? Wanasoma pale grafu inapokata mstari, wanapata saa 3 na nusu hivi. Na grafu inaanza kuugusa mstari a ikiwa ngapi? Wanavuta, wanapata 1.2. Hapo ndipo unawaambia wafunge macho ya kompyuta na wathibitishe kwa kalamu: 2.2 kutoa 1.

Fungu kubwa la makosa katika mada hii lilikuwa la wanaosema maji yanajaa saa ile ile kila siku. Wameandika hivyo watoto ambao nyumbani wanajua vizuri bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), wanajua lini mama hatoki. Darasani walidhani ujuzi ule si wa skuli. Siku ya kuvuta kitone, mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe a kubwa ni bamvua!" Sikuongeza neno.

Hatua ya 5: Darasani

Funga mapazia, au geuza madawati muutumie ukuta ulio kivulini. Waweke makundi ya watoto watano. Kila kundi lina vipande vinne vya boksi: A, B, C, D. Swali likitoka, wanajadili dakika mbili, kisha makundi yote yanainua kwa wakati mmoja. Asiruhusiwe mtu kusubiri kuona wenzake.

Halafu mwalimu anabofya, na anaanza na kosa lililopata kura nyingi. Maoni yanatokea, darasa zima linafanya ile kazi ndogo, wanapiga makofi au wanasoma ammita, kisha wanapiga kura upya. Ukianza na jibu sahihi umeua kila kitu.

Umeme ukikatika, unaendelea. Maswali unayo kwenye karatasi, vipande vya boksi vipo, maoni unayasoma kwa mdomo.

Kemia, kwa mfano, mara nyingi hatufungui kompyuta kabisa. Karatasi iliyochovywa maji ya bizari ya manjano na kukaushwa inageuka nyekundu ikikutana na maji ya sabuni au ya majivu. Ikikutana na ndimu inabaki manjano. Kosa lao: "Ndimu haikufanya kitu, kwa hiyo haina asidi." Maoni yaliyoandikwa nyuma ya kadi: "Tia na maji ya kunywa. Unaweza kuyatofautisha na ndimu?" Hawawezi, na hapo unatoa maji ya choya (rosela), yanayobaki mekundu kwenye asidi na kubadilika rangi kwenye besi. Kadi ile ina kila kilichomo kwenye faili la Lumi, isipokuwa betri.

Hatua ya 6: Rudi kwenye daftari

Jibu ambalo hakuna kundi lililolichagua, lifute. Ulilitunga wewe, halikuwa lao. Mwanafunzi akitoa kosa jipya, liandike jioni ile ile pembeni ya ukurasa, na uliongeze kwenye faili. Jina la faili liwe na somo, kidato, mada na mwaka, ili mwenzako alitambue bila kukupigia simu. La kwetu la maji kujaa na kupwa limefika toleo la sita, na mstari wa mwani uliongezwa na mwanafunzi katika la tatu.