Kurekebisha “ng’ombe” kwenye programu ya Python

Sisi tunaoandika Kiswahili huchelewa kukutana na tatizo hili la herufi kugeuka uchafu kwenye skrini. Herufi zetu zote zimo katika ASCII, jedwali la zamani la herufi za kompyuta, kwa hiyo programu hukaa salama hadi siku mtu atakapobandika maneno kutoka Word, ambayo hupenda kuikunja ritifaa ya “ng'ombe”. Ritifaa iliyokunjwa haimo katika ASCII.

Mimi lilinikuta kwenye programu ya kupokea maziwa niliyoiandikia ushirika mmoja wa wafugaji, Kenya ya kati: Python, Tkinter kwa madirisha, SQLite kwa hifadhidata, kompyuta ya Windows. Karani akaleta orodha ya wanachama, nikaipakia, na kwenye skrini, mahali pa “ng’ombe” na jina “Wanjikũ”, yakatokea “ng’ombe” na “Wanjikũ”.

Hatua ya 1: Soma uchafu wenyewe

Usikimbilie kubadili fonti. Kila uchafu una asili yake:

- ’ au Å©: baiti ni za UTF-8, mfumo wa leo unaobeba herufi za lugha zote, lakini zimesomwa kwa Windows-1252, jedwali dogo la zamani la Windows. Hapa hakuna kilichopotea.
- Vijisanduku vitupu: mara nyingi maandishi ni mazima, ila fonti haina umbo la herufi hiyo. Hapo ndipo ubadili fonti. Za Noto zinafaa.
- Alama ya kuuliza mahali pa herufi: kuna programu iliyolazimika kuandika herufi isiyokuwamo katika jedwali lake, ikaweka “?”. Herufi imekwenda na maji. Rudi kwenye faili la asili.

Ukikutana na kosa la `'charmap' codec can't decode byte 0x9d`, shukuru. Ni ugonjwa uleule wa kwanza, ila Python imegoma mapema kabla ya kuchafua hifadhidata. Mara nyingi chanzo ni alama ya kufunga nukuu iliyokunjwa.

Hatua ya 2: Tazama baiti

Skrini inaweza kukudanganya, na Notepad pia. Fungua faili bila tafsiri yoyote:

`print(open('wanachama.csv', 'rb').read(200))`

Ukiona `ng\xe2\x80\x99ombe`, faili ni UTF-8. Ukiona `ng\x92ombe`, ni Windows-1252. Na kama linaanza na `\xef\xbb\xbf`, huenda limehifadhiwa na Excel kwa chaguo la “CSV UTF-8”, na hizo baiti tatu ni alama ya mwanzo wa faili.

Alama hiyo ilinila nusu siku. Programu ilisema hakuna safu ya `jina`, nami naiona kwa macho yangu! Kumbe safu ilikuwa inaitwa `\ufeffjina`.

Hatua ya 3: Taja usimbaji kila mlangoni

Usimbaji ni jedwali linalogeuza baiti kuwa herufi. Kwa miaka mingi Python kwenye Windows imekuwa ikifungua mafaili ya maandishi kwa jedwali la mashine, usipoiambia vingine. (Java iliacha tabia hiyo kwenye toleo la 18, mwaka 2022.) Basi iambie:

`open('wanachama.csv', encoding='utf-8-sig', newline='')`

`utf-8-sig` huiondoa ile alama ikiwepo, na isipokuwepo haina shida. Ikiwa hatua ya 2 ilionyesha Windows-1252, weka `cp1252`, jina lake katika Python. Unapoandika faili, taja `encoding='utf-8'`, au `utf-8-sig` ikiwa litafunguliwa kwa Excel. Tafuta kila `open(` katika mradi mzima, mmoja tu ukisahaulika, uchafu utapitia hapo.

Hatua ya 4: Safisha yaliyokwisha kuharibika

Nakili kwanza faili la SQLite. Kisha, kwa kila jina:

`jina.encode('cp1252').decode('utf-8')`

Weka mstari huo ndani ya `try`. Ukitokea `UnicodeError`, liache jina lilivyo. “Wanjikũ” iliyo sahihi itakataa kwenye `encode`, kwa sababu ũ haimo katika jedwali hilo, hivyo majina mazima hayataguswa. Ukiona `Ã¢â‚¬â„¢`, neno limeharibiwa mara mbili: rudia.

Baada ya hapo pitisha yote kwenye `unicodedata.normalize('NFC', jina)`, inayounganisha herufi na alama yake kuwa kitu kimoja. Kuna kibodi zinazoandika ũ kama herufi moja, na nyingine huandika u kisha wimbi juu yake. Kwa macho ni sawa, lakini `len('Wanjikũ')` hutoa 7 kwa moja na 8 kwa nyingine, na mama wa watu atatafutwa kwenye orodha asionekane. Fanya hivyohivyo kwa neno linaloandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hatua ya 5: Usiisahau printa

Skrini ilipokuwa safi, risiti zikatoka “Wanjik┼⌐”. Printa yetu ndogo ya risiti ilikuwa ikitumia jedwali 437 la enzi za DOS, na humo ũ haimo kabisa. Hakuna usimbaji wa kuokoa hapo. Nilichora mstari wa jina kama picha kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python, nikaituma picha. Uchapaji umepungua kasi kidogo, na foleni ya asubuhi haijalalamika.

Kwa majaribio, mimi hupitisha mstari huu kutoka faili hadi risiti: `Ng’ombe wa Wanjikũ, café, محمد`. Kiarabu kikitoka kinyumenyume wakati kwingine kote ni safi, hilo ni suala la mwelekeo wa maandishi, si la usimbaji.