Randa ya mninga yenye wayo wa mpingo

Randa nyingi za chuma zinazouzwa madukani zimelaza kisu kwa digrii 45. Pembe hiyo inafaa msonobari na mbao nyingine laini. Kwenye mninga, mkongo au mvule nyuzi za mbao hupishana, tabaka moja likielekea huku na la pili likirudi kule, na hapo randa hung'oa badala ya kunyoa. Dawa ni kukisimamisha kisu kwa digrii 50, au 55 kama mbao ni korofi sana. Kwenye randa ya kujitengenezea pembe hiyo unaiamua mwenyewe kabla ya kupiga msumeno wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba inasukumika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo iwe randa ya kumalizia, si ya kuondolea gamba la msumeno.

Kwa mwili chukua mninga. Ukishakauka, hausinyai wala kuvimba sana hewa ikibadilika, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko ugumu. Mkongo, ambao pwani huitwa pia mbambakofi, nao umetulia na ni mgumu zaidi. Mvule uache: mara nyingine una vijiwe vya chokaa ndani vinavyovunja makali. Mpingo mtupu haufai mwili mzima, kwani randa ya vipimo vya hapa ingefika kama kilo 1.3, karibu mara mbili ya ile ya mninga, na vipande vinene vyake hupasuka vikikauka. Mahali pake ni chini, kwenye wayo unaosugua mbao kutwa nzima. Kipande chembamba kinatosha, na mabaki ya wachonga vinyago yanafaa kabisa. Vumbi la mpingo na la mvule huwasha pua na ngozi, basi funika pua unapopiga msasa.

Mbao iwe kavu kweli. Kipande cha inchi mbili kinahitaji kama miaka miwili kivulini kikikauka kwa hewa. Kisiwe na fundo, kisiwe na sehemu nyeupe ya nje, na nyuzi zake zinyooke.

Kisu rahisi kupata ni cha randa ya zamani ya chuma, upana mm 50. Kizuri zaidi ni kinene cha mm 3 hadi 4, kwa sababu hakitetemeki. Ukikichonga kutoka springi ya gari, kipunguze unene na ukipe umbo kwanza, halafu kipashe moto hadi sumaku isikishike, kichovye kwenye mafuta ya uvuguvugu, kisha kikae kwenye oveni ya digrii 200 kwa saa moja. Ukiruka hatua hiyo ya oveni makali yatamumunyuka kama kioo.

Gogo liwe na urefu wa mm 330, upana mm 85 na kimo mm 55. Sugua mpingo kwa msasa mpya, upanguse kwa asetoni (una mafuta yanayokataa gundi), kisha ubandike chini ya gogo ukiwa na unene wa mm 6. Gundi ya epoksi ni ya kuaminika zaidi hapa. Baada ya siku moja pasua mashavu mawili pembeni, kila moja mm 10 baada ya kulainishwa, na katikati ibaki mm 52. Zile mm 2 za ziada zina kazi: randa iliyotengenezwa Tanga ikipelekwa Dodoma hukauka zaidi, na bila nafasi hiyo mashavu yatakibana kisu. Chora alama ya pembetatu juu ya vipande vyote vitatu ili virudi vilivyokuwa.

Kwenye kipande cha katikati weka mdomo, yaani mwanya wa kutokea makali, mm 130 kutoka mbele. Kata kitako cha nyuma, yaani mteremko ambao kisu hulalia, kwa digrii 50, na mteremko wa mbele kwa digrii 65 hivi ukiinamia mbele. Zile mm 6 za mpingo kwenye mteremko wa mbele ziache karibu wima, la sivyo kila ukinyoosha wayo mdomo utapanuka. Kitako ndicho kiini cha kazi nzima. Weka rula ya chuma juu yake na utazame mwanga: kikiwa na bonde dogo sana katikati hakuna neno, kikiwa na kilima kisu kitacheza.

Bana mashavu pamoja na utoboe kwa mara moja tundu la mm 10 la pini, kile kijiti cha kukingama kinachoizuia kabari inayokaza kisu. Katikati ya tundu iwe mm 40 juu ya wayo na mm 18 mbele ya mstari wa kitako, ukipima kwa pembe mraba kutoka mstari huo. Kisu kikiwa na chuma cha juu, kile bamba kinachofungwa juu yake kuvunja maranda, ongeza unene wake na uchimbe mfereji wa skrubu kwenye kitako. Pini iwe ya mbao ngumu, mraba wa mm 13 katikati, ncha za duara. Usiitie gundi, iache izunguke ikutane na kabari.

Panga vipande na kisu kikiwa ndani, makali yaguse kipande cha mbele kabla hayajatokeza. Toboa na utie pini ndogo kwenye zile mm 25 za mwisho kila upande, ambazo utazikata baadaye, ili vipande visiteleze. Tia gundi, bana kwa klampu au tyubu ya baiskeli iliyovutwa sana.

Kabari iwe na urefu wa mm 90, unene mm 16 juu na mm 5 chini, ncha isimame mm 10 hivi juu ya makali. Ikibana upande mmoja tu kisu kitageuka. Ikiwa butu au ndefu, maranda yatakwama.

Nyoosha wayo kabari ikiwa imekazwa na kisu kimerudishwa mm 2 ndani, maana mkazo wa kabari hupinda mwili kidogo. Chora penseli, sugua kwenye msasa namba 120 uliotandazwa juu ya kioo kinene, malizia na 220. Ndipo upanue mdomo kwa tupa hadi nusu milimita, yaani karatasi tano au sita hivi za daftari zipite mbele ya makali.

Noa kwa digrii 30. Gonga kisu kidogo kwa nyundo ili kishuke, gonga kisigino cha randa ili kirudi. Paka mafuta ya kitani mwilini na nta ya nyuki kwenye wayo, ila kitako kiache kikavu. Vanishi hatuipendi, inateleza mkononi. Kazi ikiisha legeza kabari, kwani mashavu mengi hupasukia rafuni usiku, si kazini.