Flashi ya dakika 60: namna ya kuanza tena kusikiliza nyimbo ulizo nazo

Nina kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, si mbali na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kazi katika duka la kurekodi kanda. Enzi hizo mteja alikuja na karatasi: nyimbo kumi na mbili, mbili zimekatwa, moja imeongezwa pembeni kwa kalamu nyingine. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, basi tulikuwa tunabishana naye pale pale kaunta. Ukitaka huu uingie mzima, ule wa mwisho utakatika katikati. Mzee mmoja alirudi nyumbani kufikiria, akaja na jibu kesho yake.

Leo mteja ananipa flashi ya GB 64 na neno moja: "Nijazie."

Siku moja nikapiga hesabu. MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo GB 64 ni kama dakika 64,000, yaani saa 1,066 hivi. Ukisikiliza saa mbili kila siku bila kukosa, utamaliza siku ya 533. Hakuna anayemaliza. Nimepanda na wateja wangu kwenye magari yao nikaona wanavyofanya: kidole kipo kwenye kitufe cha kuruka, sekunde kumi, ruka, sekunde tano, ruka. Nyimbo si mbaya, wamezichagua wenyewe. Tatizo ni kwamba kila wimbo unaopigwa una wenzake karibu 16,000 nyuma yake wanaogonga mlango.

Muziki wa dansi ndio unaoumia zaidi kwa mchezo huu. Wimbo wa zamani wa dansi una vyumba viwili. Kwanza kuna uimbaji, taratibu, kisa kinaelezwa. Halafu magitaa yanabadili mwendo, sauti zinapungua, tarumbeta zinajibizana, watu wanainuka: hilo ndilo chemko. Mara nyingi dakika ya tatu inapita kabla hujafika huko. Anayeruka kwenye sekunde ya kumi anaweza kuwa na wimbo miaka mitano na hajawahi kuingia chumba cha pili. (Watunzi wa sasa wameshatusoma. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu wimbo kuwa umechezwa ukifika sekunde 30, basi kiitikio kinatangulizwa mlangoni. Siwalaumu, nao wanataka kula.)

Ninachowafanyia wateja wachache wanaokubali kubaki na flashi ya dakika 60 tu ni hiki.

Hatua ya 1: Hamisha, usifute

Nakili kila kitu kwenye kompyuta au diski ya nje, kisha iweke kabatini. Wengi wakiambiwa wapunguze huanza kufuta usiku, asubuhi wanajuta, na wiki ijayo wako kwangu na flashi: "Nijazie." Ukijua mali yako iko salama, moyo unatulia kuchagua.

Hatua ya 2: Andika kutoka kichwani

Karatasi na kalamu. Simu weka mbali, orodha ya nyimbo usiifungue. Andika nyimbo ambazo ungezitaka kama ungekuwa na dakika 60 tu.

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Karibu kila mteja hukwama baada ya nyimbo saba au nane. Mtu ana nyimbo maelfu na kichwani hazifiki kumi! Usiogope, acha karatasi mezani siku mbili tatu. Zitakujia ukiwa unaosha vyombo. Na kama hukumbuki jina la wimbo, andika kipande unachokikumbuka, hata kama ni mlio wa gitaa tu: "ule wa saksafoni inayolia mwanzoni".

Hapa Morogoro kila mtu ataniambia nimwekee Mbaraka Mwinshehe "wote". Ni mtu wetu, alipiga gitaa na bendi ya Morogoro Jazz, akatoka 1973 kuanzisha bendi yake ya Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Lakini "wote" si chaguo. Nikimuuliza mteja ni wimbo gani ambao solo la Mbaraka linamsimamisha, ananyamaza, halafu anacheka. Akirudi na jibu, huyo tayari ameanza kusikiliza.

Sasa tafuta urefu wa kila wimbo na ujumlishe. Gawa upande A dakika 30, upande B dakika 30. Zikizidi, kata. Wimbo usikatwe katikati. Kata jina lake kwenye karatasi. Nafasi ikibaki dakika mbili, iache hivyo.

Hatua ya 3: Unganisha nyimbo zilizopasuliwa

Fundi wengi hawaigusi hatua hii. Santuri ndogo ya 45, yaani inayozunguka mara 45 kwa dakika, haikubeba zaidi ya dakika tano hivi kwa upande, na wimbo wa dansi ulikuwa mrefu zaidi. Hivyo waliupasua: uimbaji upande A, chemko upande B. Watu walipoziingiza kwenye kompyuta, wimbo mmoja ukawa faili mbili, sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Ukiwasha mchanganyo (shuffle), redio inakupigia sehemu ya 2 asubuhi na ya 1 jioni. Ni kama kuoa kabla ya kuposa.

Tumia Audacity, ni programu ya bure. Fungua sehemu ya 1, kisha ingiza sehemu ya 2 chini yake. Sikiliza mwisho wa sehemu ya 1: sauti hufifia taratibu. Kata pale inapoanza kufifia, na ukate ukimya wa mwanzo wa sehemu ya 2. Isogeze sehemu ya 2 mpaka ipokee pigo la ngoma bila kujikwaa. Jaribu kwa hedifoni, si kwa spika. Ukiridhika, toa MP3 ya kbps 192 au zaidi, maana kila unapotoa MP3 kutoka MP3 ubora unapungua kidogo.

Hatua ya 4: Tengeneza flashi

Flashi ndogo inatosha, ya GB 4 ukiipata. Ifomati kwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili ndani ya flashi. Redio nyingi za gari za bei nafuu hazisomi mifumo mingine kama NTFS wala exFAT. Taja majina ya faili kwa namba mbele: 01, 02, 03. Kisha nakili faili moja moja kwa mpangilio huo huo. Redio nyingine hufuata majina, nyingine hufuata kilichotangulia kunakiliwa, na kwa njia hii unazishinda zote mbili. Usitengeneze mafoda.

Kwa wanaosikiliza kwenye simu kupitia intaneti: tengeneza orodha hiyo hiyo, ipakue, zima mchanganyo, na zima kile kipengele cha kuendelea kupiga nyimbo zinazofanana orodha ikiisha. Usipokizima umerudi ulikotoka.

Hatua ya 5: Wiki mbili bila kuruka

Kanuni ni moja tu: unaweza kuzima, huwezi kuruka. Zamani hatukuruka kwa sababu kupeleka kanda mbele kulimaliza betri, na ukiwa na haraka sana kanda ilijikunja ndani ya deki ukaitoa kwa machozi. Sasa hakuna kinachokuzuia, kwa hiyo jizuie mwenyewe.

Dereva mmoja alinirudishia flashi siku ya nne. "Fundi, hii mbovu, inarudia." Nikamwambia haina ubovu, zimeisha, zimeanza tena. Aliondoka amenuna. Wiki ya pili akapita dirishani kuniuliza nani anapiga besi kwenye wimbo wa tano.

Hilo la besi lijaribu nawe. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu siku tofauti: mara ya kwanza fuata maneno, ya pili gitaa la solo, ya tatu besi peke yake. Kwa besi tumia hedifoni au spika kubwa. Kijispika cha simu hakiitoi, unasikia nusu ya bendi na kudhani umeisikia yote.

Hatua ya 6: Badilisha kidogo kidogo

Baada ya mwezi, toa nyimbo mbili tu na uingize mbili. Si sita. Zilizotoka ziandike nyuma ya karatasi ile ile, pamoja na tarehe. Karatasi yangu ina wimbo mmoja wa bendi ya Sikinde uliotoka na kurudi mara nne, na bado sijajua kwa nini huwa nautoa.