Ukitaka kufika kilele cha Marojejy, Madagaska

Kama una siku tatu tu, Marojejy iache kwanza. Jipe tano. Mlima huu wa kaskazini-mashariki mwa Madagaska una mita 2,132, lakini kinachochosha zaidi ni utelezi wa mizizi iliyolowa, na ukishaipita kambi ya pili njia inasimama kama ukuta.

Safari inaanzia kijiji cha Manantenina, barabara ya Sambava kwenda Andapa. Mwongozaji ni lazima. Chukua na wapagazi, maana chakula chote mnapanda nacho. Kambi ni tatu: Mantella, Marojejia, Simpona. Mimi nalala Marojejia siku mbili kwa ajili ya simpona, lemuri mweupe kama pamba asiyepatikana ila pande hizi. Ukimwona, tulia hapo hapo. Nilimtazama mama mmoja akitafuna majani machanga, mtoto kamng'ang'ania, nikasahau kabisa kupiga picha.

Sasa ruba. Wembamba kama uzi, wanajinyoosha juu ya majani wakikusubiri. Chomeka suruali ndani ya soksi ndefu, na jioni kagua hadi katikati ya vidole. Akikung'ata usimvute, mpitishie ukucha pale mdomo ulipogusa ngozi, ataachia.

Nguo moja kavu ifunge kwenye mfuko usioingiza maji, iwe ya kulalia tu. Asubuhi vaa ile mbichi ya jana, hata ikikukera.

Januari hadi Machi, msimu wa vimbunga, usijaribu.