Kusoma Nishani ya Askari wa Farasi wa Kujitolea, Vita vya Makaburu 1899–1902

Nishani inayozungumziwa hapa ni Queen's South Africa Medal, nishani ya Malkia kwa waliopigana Afrika Kusini, ya askari wa Imperial Yeomanry, raia wa Uingereza waliojitolea kupigana wakiwa juu ya farasi. Kikosi chao kiliundwa kwa amri ya 24 Desemba 1899, baada ya jeshi la Uingereza kushindwa na Makaburu, walowezi wa asili ya Kiholanzi, mara tatu katika wiki moja: Stormberg, Magersfontein na Colenso.

Kabla ya yote, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia fedha. Maandishi ya ukingoni hayana kina, na kila msuguo unayala. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Mulika ukingo kutoka pembeni ili herufi zitoe kivuli, kisha soma kwa lenzi. Utakuta namba ya askari, cheo, jina na kikosi. TPR ni askari wa farasi asiye na cheo, COY ni kombania, IMP: YEO: ni Imperial Yeomanry. Nakili kama ilivyo, hata nukta. Halafu pima kipenyo cha nishani kwa kaliperi, kifaa cha kupimia upana, sehemu kadhaa. Kikipungua pale penye jina, huenda jina la kwanza lilikwanguliwa likawekwa jingine.

Sasa vibao vya fedha vilivyopangwa juu ya utepe, kila kimoja kikiwa na jina la mapigano, jimbo au mwaka. Hapa ndipo utumishi wenyewe ulipoandikwa, na hapa ndipo udanganyifu hunaswa. Kibao cha jimbo alipewa aliyehudumu jimboni bila kupata kibao cha mapigano yaliyotokea humo. Kwa hiyo Transvaal haikai pamoja na Johannesburg, Diamond Hill wala Belfast. Orange Free State haikai na Paardeberg, Driefontein wala Wittebergen. Cape Colony na Natal hazikai pamoja. Ukikuta jozi kama hizo, kuna kibao kilichoongezwa.

Vibao vya South Africa 1901 na South Africa 1902 mara nyingi vilitolewa baadaye, hivyo kuvikuta vimeshonwa au kufungwa kwa waya si ushahidi wa kughushi. Wengi wa kundi la kwanza la Yeomanry walifika Afrika Kusini mapema 1900 na kurudi kwao katikati ya 1901. Kibao cha 1902 kwa mtu wa kundi hilo kinahitaji maelezo. Kundi la pili, lililolipwa shilingi tano kwa siku, lilifika 1901, na kwao vibao vyote viwili ni vya kawaida.

Ukiona pia nishani ya Mfalme, King's South Africa Medal, kuwa makini zaidi. Ilitaka miezi 18 ya utumishi kabla ya Juni 1902, na askari awe bado kazini 1 Januari 1902 au baada ya hapo. Wana-Yeomanry wengi hawakufikisha, kwa hiyo tafuta kikosi kingine alichohudumia.

Mwisho linganisha na kumbukumbu za National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, London. Anza na WO 129 (WO ni War Office, wizara ya vita), daftari la majina na namba. Ukishapata namba, fungua WO 128 yenye karatasi za kujiandikisha. Orodha za nishani na vibao zimo WO 100. Tafuta kwa namba kwanza, kwani majina yanayofanana ni mengi na tahajia hubadilika. Mtu aliyehama kombania anaweza kuonekana kwenye orodha zaidi ya moja, na vibao vyake vimegawanyika humo. Zisome zote kabla ya kusema kibao fulani si chake.