Ukitaka kusikia taarabu Mji Mkongwe

Mgeni akinifikia nyumbani Unguja, huniuliza mambo mawili: Forodhani na taarabu. Forodhani hapotei mtu, ukifuata harufu ya mishikaki umefika. Taarabu ndiyo inayotaka mtu wa kukuelekeza.

Usianzie hotelini. Mwaka juzi nilimpeleka binti wa kaka yangu kwenye hoteli moja iliyobandika tangazo la usiku wa taarabu. Tukamkuta kijana na kinanda chake, nyimbo zote zinatoka kwenye spika. Mtoto akanigeukia: "Shangazi, ndiyo hii uliyokuwa ukinisimulia?" Iliniuma, kwa sababu kwa miguu tu tungeweza kufika mahali yanapopigwa mambo yenyewe.

Nenda kwenye klabu ya taarabu, tena siku ya mazoezi. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Iko upande wa mtaa wa Malindi, ndiyo maana wengi wetu tunaiita Malindi tu. Culture Musical Club iko Vuga, nayo ilianza 1958. Mazoezi huwa usiku na siku hubadilika, kwa hiyo pita mchana, piga hodi, uulize lini wanakutana na kama mgeni anaruhusiwa kukaa. Vaa nguo ya heshima. Mwanamke akijitanda kanga mabegani inatosha. Ramadhani usisumbuke, ala hupumzika. Idd ikiingia ndipo mji unapochangamka.

Fika mapema, kabla hawajaanza, ukae karibu na ganuni. Ni ubao wa pembe nne, upande mmoja umekatwa mshazari, na mpigaji huupakata mapajani. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja, na zote zikihesabiwa hupita sabini. Mtazame mpigaji anavyozitia sauti kwa ufunguo mdogo: anazungusha, anadonoa uzi, anainamisha sikio, anarudi tena. Kisha anavaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, na chini ya kila pete anachomeka kipande chembamba cha kudonolea. Wenye fidla na udi wanamsubiri yeye, kwani sauti wanaichukua kwake. Robo saa hiyo ukiikosa, umekosa nusu ya utamu.

Wataanza na bashraf, ambayo ni ala tupu, haina mwimbaji. Wageni wengi hudhani ni majaribio, wakaendelea kuzungumza. Nyamaza. Hapo ndipo utasikia fidla zote zikienda kama mtu mmoja, nai, ile filimbi ya mwanzi, ikipita juu yake, ngoma ya dumbaki na tari ya rika zikishika mwendo chini. Usisubiri watu wainuke kucheza. Taarabu hii ya zamani husikilizwa kwa kukaa, ukitikisa kichwa au bega kidogo.

Mwimbaji akisimama, shika maneno. Sifa hii ya maneno tumeirithi kwa mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za Kiswahili. Maneno huja kwa mafumbo: ua si ua, chombo si chombo, na ndege aliyeruka tunduni ana jina lake mtaani. Hukufahamu? Ngoja wimbo uishe ndipo umuulize mama aliyekaa karibu nawe. Atakueleza, na pengine atakuonyesha kwa jicho nani kakusudiwa.

Sasa kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye onyesho lenyewe au harusini, ubeti ukikugusa, inuka na noti yako mkononi. Usikimbie. Nenda polepole, mwendo wako ufuate ngoma, na ufike mbele wakati waitikiaji wanaitikia, ili usimkatize mwimbaji katikati ya mstari. Mpe mkononi, kisha urudi kwa mwendo ule ule. Usirushe pesa na usisimame kupiga picha naye. Noti ndogo haina aibu. Aibu ni kutunza ubeti usioujua, kwa sababu watu watauliza ulikuwa unampelekea nani salamu hizo.

Ukibahatika kualikwa harusi ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, nenda usiulize mara mbili. Huko utakutana na kidumbaki: fidla moja, ngoma ndogo mbili, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, na sanduku lililopinduliwa lenye kijiti na uzi mmoja linalotoa besi. Hapo hakuna kukaa kitini. Wanawake hucheza mpaka jasho liloweshe kanga.

Anayetaka kujifunza kupiga akaulizie DCMA, chuo cha muziki kilichoanza 2002, kinachofundisha ganuni, udi na fidla kwa wenyeji na wageni. Tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, lililoanza 2004, nalo ni zuri sana, ila ni la muziki wa Afrika nzima na umati wake ni mkubwa. Taarabu inataka ukaribu.

Yule binti nilimpeleka Vuga siku ya tatu. Alikaa kimya bashraf nzima, mikono magotini. Tulipohudhuria onyesho lao baadaye, niliona ananyoosha noti ya shilingi elfu mbili juu ya paja, anaikunja, anainyoosha tena. Waitikiaji walipopokea, aliinuka. Hakuniaga.