Kupanda Mlima Kasigau kwa Mwenye Hofu ya Kimo

Mkazi wa Mombasa anayeogopa mahali pa juu hana sababu ya kujinyima Kasigau, mlima unaochomoza ghafla kutoka nyika kame ya Taita hadi kimo cha mita 1,641, ila inampasa aanze maandalizi akiwa bado mjini.

Kwanza ni vyema aelewe kinachompata. Mtu anaposimama, macho huusaidia mwili kutoyumba kwa kuangalia vitu vilivyo karibu, kama ukuta au mti. Penye ukingo vitu hivyo hukosekana, na mwili ukayumba kidogo bila mwenyewe kupenda. Hofu ikiingia, pumzi huwa za harakaharaka, kabonidioksidi hupungua katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu zaidi na ganzi vidoleni. Dawa yake ni kuketi, kukazia macho jiwe au shina lililo karibu, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kuliko ilivyoingia. Kutazama mbali kwa kamera ya simu huku umesimama ukingoni huzidisha hali hiyo.

Mazoezi yafanyike juu ya kuta za Fort Jesus, au kwenye ngazi za jengo la ghorofa lenye vizuizi imara. Panda hadi pale hofu inapoanza kukusumbua, kisha ubaki hapo mpaka moyo utulie, kwa maana anayekimbia hofu ikiwa imepamba moto huufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Rudia mahali palepale siku nyingine kabla ya kuongeza kimo. Kwa maoni yangu, hatua hii ina thamani kuliko viatu vya bei ghali, ingawa soli yenye meno ni ya lazima.

Safari yenyewe hupitia Maungu, kwenye barabara kuu ya Nairobi, hadi vijiji vya chini ya mlima kama Rukanga na Bungule. Chukua mwenyeji wa kukuongoza, na umweleze hofu yako kabla ya kuanza kupanda, ili atembee upande wa bondeni na asikuharakishe. Ondoka alfajiri, ukiwa na maji yasiyopungua lita tatu, kwa kuwa miteremko ya chini ina jua kali na kivuli haba. Huko juu mambo hugeuka: msitu hunyweshwa na mawingu, na mizizi yenye kuvu huteleza hata wakati wa kiangazi. Miezi ya masika iepukwe kabisa.

Kushuka ndiko kunakowatesa wengi, maana wakati wa kupanda macho huwa kwenye mwamba, ilhali wakati wa kushuka huwa kwenye bonde. Kunja magoti, tanguliza fimbo, na utazame hatua mbili tatu za mbele tu. Penye mwinuko mkali geuka uuelekee mwamba, ushuke kinyumenyume ukihakikisha kwamba viungo vitatu kati ya mikono na miguu vimeshika imara kabla ya kukisogeza cha nne. Usishuke kwa makalio juu ya changarawe, kwani mwili ukishaanza kuteleza ni vigumu kuuzuia.

Kabla ya kuondoka kijijini, kubalianeni na mwenyeji wako saa ya kugeuka na kurudi, kwa mfano saa sita mchana, nayo ifuatwe popote mtakapokuwa mmefika, ili miguu iliyochoka isikutwe na giza kwenye mteremko.